Doa Lililokataa Mafuta ya Taa

Doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama, na Karwirwa aliliona kwa sababu kaka yake alikuwa juu ya mti na yeye alikuwa chini.

Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka. Kiogora alikuwa amesimama kwenye tawi la mbaine, mti wa miraa wa tangu enzi za babu yao, akichuma vichipukizi na kuviangusha juu ya gunia lililotandikwa. Karwirwa aliviokota, akavipanga kwa urefu na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Mchumaji hupanda miguu mitupu, maana kiatu huchubua gome. Kwa hiyo nyayo za Kiogora zilikuwa wazi pale juu, na kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na kitu cheusi.

Alijiambia kuwa ni utomvu. Utomvu wa mgomba ukishika ngozi hugeuka mweusi, na kila anayefunga miraa upande ule wa Mikinduri ana madoa yake, mikononi, kwenye nguo, hata shavuni. Mafuta ya taa huyatoa. Jioni ile Kiogora alisugua miguu kwa mafuta ya taa na gunzi la mahindi kama kawaida yake, akaisuuza, akavaa ndara. Kesho yake alipopanda, Karwirwa aliinua macho haraka, akayashusha.

Doa lilikuwa pale pale.

Kuinua macho lilikuwa kosa. Kwamba mwanamke hapandi mti wa miraa, hilo kila mtu alilijua. Lakini baba yao, Thuranira, alikuwa ameongeza sheria yake mwenyewe: mwanaume akiwa juu, mwanamke aliye chini aangalie gunia. Alisema macho ya mwanamke humlegeza mtu magoti. Karwirwa alikuwa na miaka kumi siku aliyosahau. Baba yake alishuka polepole bila kusema kitu, akachukua fimbo ya kuvutia matawi, akampiga nayo upande wa kushoto wa kichwa. Damu ilitoka sikioni ikamwagikia bunda alilokuwa akifunga. Bunda lile halingeuzika tena, na kwa hilo alipigwa mara ya pili.

Sikio la kushoto halikusikia tena. Shuleni alikaa hadi darasa la sita, akiomba kila mwaka dawati la upande ule ule, na kila mwaka akiona haya kueleza ni kwa nini. Mwishowe alibaki nyumbani kufunga miraa. Asiyesikia vizuri huogopa kujibu, na asiyejibu watu huzoea kutomuuliza. Kufikia miaka ishirini, Karwirwa angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno yanayojaa kiganja.

Hilo doa, hata hivyo, alilijua. Alikuwa ameliona likimuua mtu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Thuranira alianza kuchechemea. Kila mtu nyumbani alipoliona doa la unyayo wake, lilikuwa limefikia ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, kingo zimeparaganyika, upande mmoja mweusi na upande mwingine wa rangi ya damu iliyolala. Yeye alisema ni mwiba ulioozea ndani. Na wachumaji wana dawa yao ya mguu mbaya. Mguu wenye kidonda hauwezi kushika gome, na mwenye shamba akisikia una kidonda anamwita mwingine. Kwa hiyo huchoma. Misheck, mchumaji mzee wa kijiji kile, alikuwa na kipande chake cha chuma kilichopondwa kikawa bapa kama kijiko, ambacho alikiweka motoni hadi kikawa chekundu. Aliwachomea watu miiba, sugu na malengelenge, ngozi ikawa ngumu, wakarudi mitini baada ya juma moja.

Wanaume wanne walimshika Thuranira. Kiogora, mwanawe, alimkalia kifuani. Chuma kilipogusa kisigino, moshi ulipanda na harufu ya nyama ikajaa uani. Thuranira aliuma mpini wa jembe hadi jino likavunjika. Cicily, mke wake, alipiga ukelele mmoja tu, mfupi. Walipomwachilia, Thuranira alitambaa kwa magoti hadi alipokuwa Cicily, akamshika nywele na kumgonga uso ukutani, kwa sababu alikuwa amelia mbele ya wanaume.

Kidonda kilifunga. Wanaume wakasifu. "Mkono wa Misheck," walisema, "unapita hospitali."

Baada ya miezi sita vinundu vyeusi vilichomoza pembeni mwa kovu, na kwenye kinena ukaota uvimbe mgumu kama yai. Safari hii alipelekwa Meru mjini. Walimkata mguu juu ya goti, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaenea mwilini. Picha ilionyesha mapafu yamejaa vinundu. Alikufa kama alivyoishi. Siku ya mwisho alimrushia Cicily kikombe cha uji, kikampata kwenye nyusi, na mkono uliokitupa ukabaki ukining'inia kando ya kitanda.

Virginia, muuguzi wa zahanati ya kwao, alikuja matangani. Alikaa jikoni na wanawake akimenya ndizi, na mmoja akamuuliza ni ugonjwa gani huo unaokula jitu kama Thuranira.

"Saratani ya ngozi," Virginia alisema. "Nyinyi mnadhani ni ya Wazungu na jua lao. Yetu inajificha. Inakaa unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha, mahali mtu hajiangalii. Mnachoma juu, chini inabaki inatembea." Akakata ndizi, akaitupa kwenye sufuria. "Kama mtu angeiona ikiwa punje ya mtama, akamleta, wangetoa kipande cha nyama tu. Leo angekuwa juu ya mti akiwatukana."

Wanawake walicheka kidogo, kisha wakakumbuka walikuwa kwenye matanga.

Karwirwa alikuwa amekaa na sikio lake zima upande wa Virginia. Kulikuwa na jambo alilotaka kulisema saa ile. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaendelea kumenya, na lile jambo likabaki ndani yake miaka yote hiyo kama mfupa kooni.

Sasa punje ilikuwa kwenye kisigino cha Kiogora.

Alingoja siku nne. Siku ya tano, jioni, alimwekea kaka yake sahani ya mukimo, akasimama badala ya kuondoka.

"Nini?" Kiogora aliuliza.

"Mguu wako wa kushoto."

"Umefanya nini?"

"Kisiginoni kuna doa. Halitoki kwa mafuta ya taa. Ni kama la baba."

Kiogora aliacha kutafuna. "Na wewe umelionea wapi?"

Karwirwa aliiangalia sahani.

"Nimekuuliza. Kisigino changu wewe umekionea wapi?"

"Ukiwa juu."

Sahani ilimpata kwenye bega, na mukimo wa moto ukamshika shingoni. Kabla hajaupangusa, Kiogora alikuwa ameinuka. Alikuwa na mkono wa baba yake, mpana, unaokuja kutoka upande wa kushoto. Alimpiga hadi akaangukia kuni. Alimpiga teke la mbavu kwa mguu ule ule wenye doa.

"Mwanamke wa kuangalia juu! Ndiyo maana tawi lilivunjika juma lililopita! Unanitakia kifo?"

"Kiogora, atakufia," Cicily alisema mlangoni. Hakuingia. Alikuwa amejifunza urefu wa mkono wa kila mwanaume wa nyumba ile.

Kiogora alikaa tena kwenye kigoda, akihema. Baada ya muda akaupakata mguu na kuugeuzia kwenye mwanga wa koroboi. Alilitazama doa kwa muda mrefu. Alilisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate. Karwirwa, akiwa bado chini kwenye kuni, aliuona uso wake ukibadilika.

"Baba alichelewa," Kiogora alisema. "Aliliacha likawa kubwa ndiyo akachoma. Mimi nitaliwahi. Misheck atakuja Jumamosi."

"Usichome," alisema Karwirwa. "Virginia alisema—"

"Virginia amewahi kupanda mti gani? Hospitali walimkata baba mguu akafa. Mimi nikikatwa mguu, wewe utanipandia?"

Alhamisi Karwirwa alijifunika kitambaa hadi kwenye nyusi ili kuficha jicho lililovimba, akaenda zahanati. Alingoja hadi watu wote wakaisha. Virginia alimtazama jicho, akanyoosha mkono kuchukua pamba na dawa.

"Si mimi," Karwirwa alisema. "Ni Kiogora. Lipo kisiginoni. Ni dogo bado."

Virginia aliweka pamba mezani. "Dogo kiasi gani?"

Karwirwa alichukua kalamu, akachora kitone kwenye karatasi. Alichora kwa makini, upande mmoja umechongoka kidogo, kama alivyoliona.

"Mlete. Hata ukimfunga kamba kama mbuzi, mlete. Na mtu asiliguse kwa moto wala wembe. Likiharibiwa juu, daktari hatajua limeenda chini kiasi gani, na sisi tutakaa miezi tukisema limepona."

"Hatakuja."

"Basi wewe ndiye unayemjua. Mtu kama huyo anaogopa nini?"

Karwirwa alifikiri njia yote hadi nyumbani. Kiogora hakuogopa kupigwa. Kifo hakukiogopa hasa. Alijua anachokiogopa, kwa sababu alikuwa anakiogopa yeye pia.

Jumamosi alfajiri moto ulikuwa tayari shambani, chini ya mbaine wa baba yao. Misheck alichuchumaa mbele yake akigeuzageuza chuma. Kiogora alikuwa amejilaza juu ya magunia, mguu wa kushoto umewekwa juu ya jiwe na kitambaa mdomoni. Wanunuzi walikuwa waje saa moja asubuhi na pikapu yao.

"Muga," Misheck alimsalimu Karwirwa bila kugeuka. "Umekuja kushika mguu? Heri wewe, vijana wameogopa."

Karwirwa hakujibu salamu. Alipita nyuma yake, akaurusha moto kwa teke. Makaa yaliruka, mengine yakamwangukia Misheck kwenye magoti, naye akaruka juu akipiga kelele na kujipigapiga suruali. Chuma kilianguka kwenye majani. Karwirwa akakiokota.

Hakukishika vizuri. Mpini ulikuwa mfupi, na moto ulikuwa umepanda hadi huko. Alisikia kiganja kikiungua, akakishikilia vivyo hivyo.

"Ukisogea nitakuweka machoni," alimwambia Misheck. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, na pengine ndiyo sababu mzee yule aliiamini. Alirudi hatua tatu.

Kiogora alitema kitambaa. "Leta hicho chuma."

Aliamka, akamjia. Karwirwa alikirusha chuma kwa nguvu zake zote hadi ng'ambo ya ua wa michongoma. Ngumi ya kwanza ilimpata kinywani. Ya pili hakuisikia vizuri, ilitua kwenye sikio lililokufa. Alipoanguka alimshika Kiogora paja, akang'ata hadi akaonja damu. Kiogora alinguruma, akamkanyaga mkono, na katika kule kujinasua Karwirwa akatambaa, akasimama, akavua ndara zake.

Akaukumbatia mbaine.

"We!" Misheck alisema. "We msichana! Usi—"

Alikuwa amekaa chini ya mti huo tangu akiwa mtoto. Alijua kila mahali baba yake alipoweka mguu, na kila mahali Kiogora alipoweka. Kiganja kilichoungua kiliacha ngozi kwenye gome. Alipanda hadi kwenye panda ya kwanza, kisha ya pili, gauni limechanika pajani, akakaa juu pale ambapo hakuna mwanamke wa nyumba yao aliyewahi kukaa.

"Shuka!" Kiogora alipaaza sauti.

"Sishuki."

"Karwirwa! Wanunuzi wanakuja! Wakikuta mwanamke kwenye mbaine hakuna atakayegusa miraa ya mti huu! Wataambiana hadi mjini Maua! Unaniua!"

"Twende kwa Virginia. Ukienda nashuka."

Jiwe la kwanza lilipita kando ya kichwa chake likichana majani. La pili lilimpata mgongoni, pumzi ikakatika. La tatu lilimpata gotini. Alijikunja, akaukumbatia mti kwa mikono miwili, akafunga macho. Misheck alikuwa akisema, "Wacha, baite, wacha, utaua mtoto wa mama yako," lakini Kiogora aliendelea kuokota, akilia sasa kwa hasira, akitupa na kutukana, hadi mawe yaliyokuwa karibu yakaisha.

Kisha akapanda mwenyewe.

Alipanda kwa kasi, kama alivyozoea. Karwirwa alimwona akija, uso umevimba, mkono umenyooshwa kumshika kifundo cha mguu. Alimpiga teke kwenye kipaji cha uso. Kiogora akayumba, akautegemeza mwili wote kwenye kisigino cha kushoto ili ajisukume, na kisigino kikateleza. Aliteleza kifua kikikwaruza gome hadi chini, akatua kitako kwenye mizizi kwa kishindo.

Alikaa hapo hapo. Kwenye gome, kutoka urefu wa mtu hadi chini, kulikuwa na mchirizi mwembamba wa damu. Haikuwa ya kifua. Kifua kilikuwa kimechubuka tu. Kiogora aliugeuza mguu wake. Doa lilikuwa limepasuka katikati.

"Hata la baba lilianza kutoka damu hivyo," Misheck alisema polepole. "Kabla sijamchoma. Nilidhani ni mwiba." Aliangalia mikono yake mwenyewe. "Mimi nilidhani tu ni mwiba."

Barabarani, mbali, injini ya pikapu ilisikika ikipanda kilima.

Kiogora aliinua macho. Dada yake alikuwa juu yake, damu ikimtoka mdomoni, nyayo zake mbili zikining'inia. Aliziangalia nyayo zile kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu.

"Shuka," alisema. Safari hii hakupaaza sauti. "Nitaenda. Shuka kabla hawajafika."

"Apa."

"Kwa kaburi la baba."

"Si kwa hilo."

Kiogora aligusa kisigino. "Kwa mguu wangu."

Karwirwa akashuka.

Virginia aliwatazama wote wawili wakiingia, akauliza ni nani mgonjwa, na kwa mara ya kwanza tangu matangani Karwirwa alitaka kucheka. Virginia aliandika barua, akapiga simu, Jumatatu wakawa Meru mjini. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ugonjwa huu si kawaida kumpata baba na mwana, lakini haujui kanuni. Alilitoa doa na nyama iliyolizunguka, upana wa vidole viwili, akaziba shimo kwa ngozi iliyotoka pajani, karibu na pale Karwirwa alipong'ata. Alitoa pia tezi moja ya kinenani ili aone kama ugonjwa umeanza kusafiri.

Walingoja majibu majuma matatu. Yaliposomwa, tezi ilikuwa safi. Kiogora aliiomba karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Aliambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu, na kila mwezi nyumbani mtu amwangalie nyayo, viganja, kucha na kinena.

Aliambiwa pia kwamba mguu ule hautapanda mti tena, angalau si mwaka huo.

Kwa hiyo sasa ni Kiogora aliyekaa chini kwenye gunia, mkongojo kando yake, akifunga mabunda, naye kijana wa jirani akichuma. Alifunga vibaya. Karwirwa aliyafungua mabunda yake na kuyafunga upya kwa mkono wake wenye kovu, naye alimwacha. Mkono wake mpana haukuwa umeinuka tangu siku ile. Wote wawili walijua ungeweza kuinuka tena. Cicily bado alikaa karibu na mlango.

Mwezi mmoja baada ya majibu, Kiogora alikaa uani kwenye jua la asubuhi, akanyoosha miguu yote miwili mbele ya dada yake.

"Angalia," alisema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Karwirwa alichuchumaa. Aliangalia kovu, kingo zake, katikati ya vidole, chini ya kila ukucha. Alichukua muda wake.

"Hakuna."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hakuna kitu."

Kiogora hakuirudisha miguu. "Langu uliliona lini?"

"Asubuhi ya kwanza. Likiwa punje."

"Ukijua nitakupiga."

"Nilijua."

Kuku alipita kati yao akidonoa.

"La baba hakuna aliyeliona mapema," alisema Kiogora. "Hilo ndilo linaniuma. Angekuwa na mtu wa kumwangalia."

Karwirwa alikuwa bado amekishika kisigino cha kaka yake mkononi. Angeweza kukiweka chini, aende kutia maji jikoni, na siku ingepita kama nyingine zote. Kooni alisikia mfupa ule wa tangu matangani. Hakuinua macho, lakini alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, hata Cicily aliyekuwa mlangoni akageuka.

"Mimi nililiona. Lilikuwa dogo kuliko lako. Niliangalia juu nikaliona, nikakumbuka fimbo, nikaangalia gunia. Mwaka mzima niliangalia gunia. Na siku nyingine, Kiogora, nilikuwa nikiangalia juu kuona kama limekua, na likiwa limekua, nilifurahi."